Gauni la Kompyuta

Ng'ombe alisimama katikati ya barabara akiwa na miguu mirefu kuliko nguzo za umeme. Tumbo lake lilikuwa mawinguni. Kichwa chake, kwa namna ambayo hata aliyemwona hakuweza kuieleza, kilikuwa kimebaki chini kando ya lami, kikitafuna nyasi za rangi ya zambarau.

Dereva alikanyaga breki. Lori likasimama, tela likayumba, mbao zikabaki salama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Ng'ombe alikuwa bado yupo, na sasa hata mti uliokuwa nyuma yake ulianza kuyeyuka kama mshumaa.

"Mama!" akaita. "Njoo uone."

Mkewe alikuwa upande wa pili wa sebule, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Hakuinua kichwa. "Nione nini?"

"Ng'ombe."

"Amefanya nini?"

"Amekuwa mrefu."

Mkewe akazitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kifuko chake, akaja kusimama nyuma ya kiti cha mumewe. Kioo kizima cha kompyuta kilikuwa kimejaa miraba ya kijani na ya waridi, kama shuka iliyoungwa kwa vipande vya mabaki. Usukani wa plastiki ulikuwa mikononi mwa mumewe.

"Ewe Mola," akasema taratibu. "Na Mama Leseni anakuja Jumamosi."

"Ndiyo maana nimekuita. Ingekuwa ng'ombe peke yake nisingekusumbua."

Mama Leseni alikuwa mwenye shule ya udereva. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, naye alilipenda. Alikuwa amekuja kuleta vitambaa vya makoti ya walimu wake, akamkuta mume wa fundi cherehani amekaa mbele ya kompyuta, anarudisha nyuma lori lenye tela kwenye kichochoro kilichomtosha paka. Akasimama mlangoni bila kubisha mpaka tela lilipoingia. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Dereva tangu siku aliyoanguka kutoka juu ya shehena, nyonga ikavunjika, na kampuni ikamshukuru kwa utumishi wake. Wengine wote waliuliza ataacha lini mchezo. Huyu aliuliza kwa nini aligeuza usukani kushoto wakati tela linatakiwa kwenda kulia.

"Wanafunzi wangu wananimalizia klachi," alisema baada ya kujibiwa. "Kabla mtu hajajua kutofautisha pedeli na kiatu chake, gari langu liko gereji. Kama angeweza kukosea hapa kwanza, akayamaliza makosa yake yote kwenye kioo, ningepumua. Jumamosi nakuja kujaribu mwenyewe. Nikiridhika, tutazungumza habari ya kazi."

Neno hilo, kazi, lilikaa katika nyumba ile kama mgeni wa heshima. Mume na mke walilizunguka bila kuligusa, wakaongea kwa sauti ya chini mbele yake, wakamwomba Mungu lisiondoke.

*

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichoachwa uchi. Redio ilikuwa na kilemba. Jokofu lilikuwa na shela. Mtungi wa gesi ulivaa sketi yenye marinda, na rimoti ya televisheni ilikuwa na soksi yake. Majirani walimwita mke wa Dereva Mama Vitambaa, wengine kwa upendo na wengine kwa kejeli, naye aliitika kote kote. Alikuwa akisema kwamba kitu kisichofunikwa ni kitu kisichopendwa.

Kwa hiyo kompyuta ilipoachwa na binti yao mkubwa, aliyepata kazi mji mwingine na muda wa kucheza ukamwishia, ilijulikana kwamba nayo itavaa. Ila safari hii palikuwa na sababu ya ziada. Wanaotengeneza kompyuta za michezo si watu wenye haya. Kasha lake lilikuwa na ubavu wa kioo, na ndani ya kioo kulikuwa na taa nyekundu, za kijani, za buluu, zikikimbizana duara bila kuchoka. Siku ya kwanza wanawake wa sala walipokutana pale sebuleni mashine ikiwa imewaka, mama kiongozi alifumbua jicho moja katikati ya maombi ya wagonjwa, akasema, "Dada yangu, tumekuja kusali au tumekuja kucheza muziki?"

Wiki hiyo hiyo kompyuta ikapata gauni. Lilikuwa la kitambaa cha pazia, lenye bitana ndani, lasi ya kufuma shingoni na vifungo nyuma kwa ajili ya nyaya. Liliifunika mashine kuanzia kichwani hadi mezani. Feni zilipopuliza, gauni lilitikisika kidogo kidogo, na Mama Vitambaa alipenda kuinua macho kutoka kwenye cherehani na kulitazama likipumua.

Hakuna aliyelifikiria tena. Redio imefunikwa, jokofu limefunikwa, kompyuta imefunikwa. Kilichoshangaza katika nyumba ile ni kitu kisichofunikwa.

Baada ya habari ya ng'ombe, aliitwa Shemeji, ndugu mdogo wa mke, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Alifika na begi lake mgongoni, akasimama mlangoni akitabasamu kwa meno yote.

"Shemeji," akasema, "nimesikia umegonga ng'ombe."

"Sikumgonga. Nilisimama."

"Ulikuwa na leseni?"

"Ingia ufanye kazi. Mdomo wako uuache hapo nje pamoja na viatu."

"Nikiuacha mdomo nje, siri zako anazoniambia Dada nitazitangaza na nini?" akasema Shemeji, akaingia.

Mama Vitambaa alikuwa ameivua mashine tangu asubuhi. Ingekuwa aibu kubwa mtu wa nje, hata akiwa ndugu yake wa tumbo moja, kukuta vumbi kwenye lasi. Gauni lilikuwa limefuliwa, linaning'inia kwenye kamba uani. Mashine ilikaa mezani uchi, imepoa, taa zake zikikimbizana.

Shemeji alifanya kazi kwa bidii. Alibadilisha waya wa skrini. Alifungua ubavu wa kioo, akachomoa kadi inayochora picha, akayasugua meno ya dhahabu ya kadi hiyo kwa ufutio wa shule, akairudisha mahali pake. Alipuliza vumbi. Kisha akavuta kiti.

"Sasa tuiwekee draiva mpya."

Dereva akageuka. "Draiva mpya? Na mimi niende wapi?"

"Si wewe, Shemeji. Draiva ni programu, ndiyo inayoiongoza kadi."

"Ya zamani ina kosa gani?"

"Haina kosa. Imezeeka tu."

"Naona mlikaa kikao kimoja na kampuni yangu."

Wakacheka wote, ingawa Dereva alicheka kidogo kuliko wenzake. Programu ilipokwisha kuwekwa, akashika usukani, akaendesha. Barabara ilikuwa nyeupe na safi. Miti ilisimama wima. Ng'ombe alipita mbele ya lori akiwa na miguu ya kawaida, akatazama pembeni kama asiyejua anashtakiwa kwa nini.

Wakamsubiri arefuke. Hakurefuka. Walisubiri mpaka chai ikapoa.

"Huyu ng'ombe ni mfupi, Shemeji," ndugu wa mke akasema hatimaye.

"Alikuwa mrefu. Mwulize dada yako."

"Dada ni mkeo, atasema nini? Akikukana atalala wapi?" Akaanza kurudisha bisibisi zake kwenye begi. "Mimi siyo daktari, lakini ulishapima macho? Isije ikawa tunatibu mashine na mgonjwa ameshika usukani."

Alisema kwa utani, kwani shemeji ni wa kutaniwa, na alipoaga alimpiga Dereva begani kwa upendo. Lakini Dereva alibaki amekaa, akifunga jicho moja na kufungua lingine, akitazama kalenda iliyokuwa ukutani kuona kama mistari yake imenyooka.

Jioni gauni likakauka. Mama Vitambaa akalipiga pasi, akaivisha mashine, akafunga vifungo kimoja kimoja. Kesho yake, Dereva alipofika kwenye mteremko wa mlima, nyasi zikageuka zambarau.

*

Mara ya pili Shemeji aliibeba mashine kwenda nayo kibandani. Dada yake alikataa katakata ipite sokoni imevaa gauni. "Watakucheka wewe, kisha watanicheka mimi," alisema, akalivua, akalikunja. Kule kibandani mashine ilifanya kazi kutwa nzima bila kasoro. Shemeji alijua hivyo kwa sababu alikuwa akiendesha lori yeye mwenyewe, na wateja wawili waliondoka kwa hasira. Akairudisha. Ikavishwa. Kabla hajafika kwake, simu yake ikalia.

"Amerefuka," Dereva akasema.

Shemeji akasimama kando ya njia. Alikuwa fundi mwaminifu, na jambo lile lilikuwa limeanza kumnyima raha. "Kwangu ni nzima, kwenu inaumwa. Basi Shemeji, ni nyumba yenu hiyo."

"Nyumba imefanya nini?"

"Natania. Labda umeme wenu unapungua nguvu. Labda kadi yenyewe imeanza kufa, na kadi ikianza kufa hufa kwa kuvizia, leo nzima, kesho mgonjwa. Ikiwa hivyo dawa ni kununua nyingine. Lakini nikwambie ukweli, hiyo siyo bei ya kitu cha kuchezea."

Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika. Kati ya maneno yote yale, Mama Vitambaa alisikia mawili tu: nyumba yenu.

Wanawake wa sala walipokutana Alhamisi, aliwaeleza yote bila kuficha. Hawakumcheka. Wao walikuwa wameombea ndoa, mimba, mitihani na mbuzi aliyepotea, na hawakuona sababu ya kuiruka kompyuta. Dereva aliombwa aiwashe ili wajue wanachoombea. Wakaizunguka. Mama kiongozi akaweka kiganja juu ya gauni, akafumba macho, na baada ya muda uso wake ukang'aa.

"Nasikia joto," akasema.

"Joto!" wakaitikia.

"Lilikuwa kidogo, sasa linaongezeka. Dada zangu, wekeni mikono na ninyi. Tumejibiwa."

Na kwa kweli walikuwa wamejibiwa. Mungu hachagui kinywa cha kusemea. Siku ile alisema kwa joto, wazi kabisa, chini ya kiganja cha kila mmoja wao. Lakini mara nyingi sisi tukiomba huwa tumeshika jibu mkononi, tukalipapasa, tukashukuru, tukalifunika tena.

*

Ijumaa mchana miraba ilikuja mapema zaidi, na mbaya zaidi. Lori lenyewe liligeuka kuwa nyuzi. Dereva akaizima mashine, akakaa ameshika usukani usiokwenda popote.

"Nitaiuza ovaloki," mkewe akasema.

Ovaloki ilikuwa ile mashine yake ya pili, inayofunga kingo za nguo zisichanike. Bila hiyo, hakuna koti wala suruali. Kungebaki kushona vitambaa vya meza na kupunguza mapindo.

"Huiuzi," Dereva akasema.

"Nimeshaongea na mtu."

"Basi kamwambie uliongea ukiwa usingizini."

"Baba, kesho yule mama atakaa hapo, ataona ng'ombe wa ajabu, ataondoka. Tukinunua kadi ..."

"Kadi ya kuchezea."

"Usiiite hivyo." Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha. "Unajua wanavyoniuliza dukani? 'Mzee bado anacheza?' Kila siku. Ninajibu, 'Bado anacheza.' Nanunua sabuni yangu naondoka. Nimechoka na jibu hilo. Nataka wakiniuliza niseme, 'Ameenda kazini.' Hilo tu. Hata kama ni kwa ovaloki."

Dereva aliuzungusha usukani kushoto, akauzungusha kulia. "Na mimi, ukinituma chumvi, unajua natazama wapi? Natazama mkoba wako. Mtu mzima na ndevu zangu, nasubiri ufungue zipu." Akamtazama. "Ovaloki ndiyo inayotulisha. Siwezi kuiuza ili ng'ombe awe mfupi. Tusubiri kesho. Ikishindikana, utaiuza, na nitakubebea mwenyewe mpaka kwa huyo mtu wako, na hii nyonga yangu."

"Hutafika hata barabarani."

"Basi haitauzwa."

Mkewe akacheka licha ya machozi, akajifuta kwa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake. Na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kusaidia, akafanya lile alilolijua. Alichukua mabaki ya kitambaa cha makoti ya walimu wa Mama Leseni, sufu nzito ya buluu, akakaa kwenye cherehani. Hadi wakati wa chakula cha jioni kompyuta ilikuwa na gauni jipya, zito kuliko la kwanza, lenye kola na mfuko wa mbele. Alitaka mgeni akiingia aone kwamba katika nyumba ile anaheshimiwa.

*

Mama Leseni alifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Aliingia, akaiona mashine, akapiga makofi.

"Hata kompyuta imevaa sare yangu! Mama Vitambaa, wewe ni mwisho."

Mama Vitambaa aliinama kwa furaha, akakimbilia jikoni kuweka maji ya chai. Dereva akamkaribisha mgeni kwenye kiti, akasimama nyuma yake ameegemea mkongojo. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali.

Mama Leseni alijua kuendesha magari madogo vizuri sana. Lori hakuwahi. Gia ya kwanza ilimlilia kama mtoto aliyechomwa sindano.

"Polepole," Dereva akasema. "Klachi siyo mende, Mama. Usiikanyage kuiua."

Mgongo wa Mama Leseni ulikakamaa. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu amsahihishe. Kisha mabega yakashuka, akajaribu tena, na lori likaondoka. Wakavuka daraja. Wakapanda mlima na mbao zao, mashine ikinguruma ndani ya sufu yake, na juu kileleni Mama Leseni akaanza kujipigia mluzi.

Kwenye mteremko nyasi zikawa zambarau.

Dereva aliona kabla yake. Mraba wa kwanza ukatokea pembeni, wa pili, halafu kioo kizima kikachafuka. Ukingo wa barabara ukapotea, anga likaporomoka, na kutoka katikati ya vurugu ile akachomoza ng'ombe, au sehemu za ng'ombe.

"Barabara imekwisha!" Mama Leseni akapiga kelele. "Sioni kitu!"

"Haijaisha." Sauti ya Dereva ilikuwa tulivu, na yeye mwenyewe hakujua ilikotoka. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya milimani, wakati wa ukungu. "Barabara haiishi kwa sababu wewe huioni. Toa mguu kwenye mafuta. Hivyo. Shusha gia moja. Washa taa za hatari, swichi ni hiyo hapo kulia. Sasa usitazame, sikiliza. Unasikia kitu?"

"Changarawe."

"Ya upande gani?"

"Kushoto."

"Ndiyo ukingo huo. Umeshafika pembeni. Sasa breki, kidogo kidogo, kama unamlaza mtoto aliyesumbua sana. Usimwamshe. Usimwamshe... Hapo."

Ngurumo ya injini ikatulia. Mama Leseni alikuwa ameushika usukani kama anayeshika tawi juu ya mto.

"Tumesimama?"

"Tumesimama. Mbao zote zipo."

Akageuka, jasho puani, macho yamemtoka. "Hilo la barabara kupotea! Hilo ni sehemu ya somo? Umelitengeneza wewe?"

Mama Vitambaa alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai, akasimama hapo hapo. Uongo ulikuwa umeletwa mezani, umepakuliwa, umekolea. Kilichobaki ni kuula. Neno moja tu, ndiyo, na hakuna binadamu ambaye angejua. Dereva alimtazama mkewe. Mkewe akatazama vikombe.

"Hapana, Mama," Dereva akasema. "Ni ubovu. Mashine inaumwa na hatujui ugonjwa wake. Fundi ameshindwa. Nilitumaini itavumilia mpaka uondoke, ikanikatalia. Nisamehe."

Mama Leseni akauachia usukani. "Kumbe," akasema. Akaushika mkoba wake uliokuwa sakafuni, akauweka magotini, akawa kama mtu anayefikiria namna ya kuaga bila kuumiza.

Mama Vitambaa akaja akaweka sinia mezani, kando ya mashine. Kama alivyozoea kila apitapo pale, akaweka kiganja juu ya gauni ili aombe japo neno moja, hata kama sasa ni kuchelewa.

Akautoa mkono upesi.

Aliujua moto ule. Haukuwa moto wa sala. Ulikuwa moto wa pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, na yeye, katika maisha yake yote ya ushonaji, hakuwahi kusahau pasi juu ya nguo hata mara moja. Akasimama anaangalia kiganja chake. Akaangalia sufu. Akaangalia bitana ilivyochungulia kwenye kola, imeanza kuwa ya kahawia.

"Baba," akasema taratibu. "Lori likifunikwa boneti kwa blanketi, halafu lipande mlima na mzigo, linakuwaje?"

"Linachemsha. Lakini ni mjinga gani atakaye—"

Akaitazama kompyuta. Wakaitazama wote wawili, imesimama pale na kola yake na mfuko wake wa mbele, inahema.

"Mimi," mkewe akasema.

Akafungua vifungo vya nyuma, vidole vikirukaruka kwa joto, akalivua gauni mbele ya mgeni. Hewa ya moto ikatoka kama ya tanuri lililofunguliwa. Taa nyekundu, za kijani, za buluu zikamwagika sebuleni, zikakimbizana juu ya shela la jokofu na kilemba cha redio na uso wa Mama Leseni. Mama Vitambaa alilikumbatia gauni kifuani, akasubiri aibu impite.

"Fundi alipokuja nililivua ili nilifue," akasema, macho chini. "Ilipokwenda kibandani nililivua ili wasinicheke. Ilikuwa haiumwi ila ikiwa nimeivisha. Nimeiombea wiki nzima huku naichoma."

"Wewe?" Dereva akasema. "Na mimi je? Nimeangalia geji ya joto miaka mingi kuliko nilivyoangalia uso wako. Nikikuta kijana ameziba rejeta kwa kipande cha kadibodi nilikuwa nazibua masikio yake. Leo nimekaa mbele ya injini iliyovaa koti la sufu, tena lenye mfuko, nikajiuliza labda macho yangu ni mabovu." Akaanza kutikisika. Mkewe akadhani analia, akamshika mkono. Alikuwa anacheka. "Lenye mfuko, Mama! Ilikuwa iweke nini?"

Mama Leseni ndiye aliyecheka kwa nguvu zaidi, mpaka mkoba ukamwanguka.

Wakaizima mashine ipoe. Wakanywa chai. Mama Leseni alikunywa akiitazama ile mikono ya Dereva iliyokuwa imeshika kikombe, kisha akasema kama anayeongea na kikombe chake mwenyewe, "Kompyuta naweza kununua. Walimu wangu ni hodari, lakini gari likizima tu wanafoka, na mwanafunzi akifokewa anafumba macho." Akaweka kikombe chini. "Washa. Sijafikisha mzigo wa watu."

Safari hii barabara ilikuwa safi toka mwanzo hadi mwisho. Ng'ombe alikuwa mfupi. Mama Leseni akateremka mlima, akaingia mjini, akafika kwenye yadi ya mbao, na hapo ikambidi arudishe tela nyuma kwenye lango. Akagonga nguzo.

"Tena," Dereva akasema.

Akalisogeza lori mbele, akarudi nyuma, akagonga nguzo ya pili.

"Tena. Tela likienda kulia, mkono wako unakwenda wapi?"

"Kushoto. Najua kushoto, lakini mkono unakataa." Akaanza upya, ulimi umechungulia pembeni mwa midomo. Tela likainama, likaanza kulifuata lango. Bila kugeuka akasema, "Jumatatu unaweza kufika saa ngapi?"

Mama Vitambaa akafungua mdomo. Alikuwa tayari kumjibia saa yoyote, hata kabla jogoo hajaamka. Lakini Dereva aliinua mkono kumnyamazisha, macho yake hayakutoka kwenye tela.

"Tazama kioo cha kushoto, Mama," akasema. "Ya Jumatatu tutazungumza likishaingia."

Mama Leseni akafunga mdomo, akatazama kioo cha kushoto.